Zinki iliyotoroka: tunavyoisoma vibaya gahniti

Tangu Marekani ilipoiweka zinki kwenye orodha yake ya madini muhimu mwaka 2022, na China ilipoanza mwaka uliofuata kudhibiti uuzaji nje wa galiamu na jemaniamu, metali zinazoweza kupatikana ndani ya mbale za zinki, watafutaji wa madini wamerudi kuzipekua dalili za zamani. Mojawapo ni punje ya kijani kilichokolea, pengine ya kijani-buluu au karibu nyeusi, ngumu kuliko kwatsi na nzito kiasi cha kubaki chini ya karai wakati mchanga mwepesi umekwisha kuoshwa na kwenda zake. Inaitwa gahniti. Ni spineli ya zinki, si ya kawaida, na huzaliwa hasa ndani ya miamba geuzi, yaani ile iliyopikwa na kubanwa chini ya ardhi bila kuyeyuka yote. Siku hizi maneno "gahniti imeonekana" huandikwa kwa shangwe ileile ya "mbale imeonekana", yaani mwamba wenye metali ya kuchimbika, na msomaji, hasa mwenye fedha za kuwekeza, huelewa hivyohivyo.

Nadhani tunaisoma vibaya. Gahniti ni kumbukumbu ya mmenyuko: inatuambia kwamba wakati fulani zinki ilitengana na salfa, au haikuwahi kuwa nayo, ikaishia mikononi mwa alumini na oksijeni. Haituambii ni zinki kiasi gani imebaki nje ya punje hiyo. Na kwa kuwa zinki iliyokwisha kufungwa ndani ya gahniti haitoki kwa njia za kawaida za kuchakata mbale, kila gramu tunayoishangilia ni gramu iliyokwisha kumponyoka mchimbaji. Punje hii ina thamani kubwa kama shahidi, ila shahidi huyu anahitaji majirani zake ili ushahidi wake ueleweke, na karai humleta peke yake.

Spineli ni ukoo mzima wa madini. Wote wana mpangilio mmoja: oksijeni nne, metali mbili za aina moja na metali moja ya aina nyingine. Ikiwa hiyo moja ni magnesiamu na zile mbili ni alumini, tunapata spineli yenyewe, inayochimbwa kama kito katika marumaru za Mogok (Myanmar), Luc Yen (Vietnam) na Mahenge (Tanzania). Ikiwa ni chuma, tunapata hersiniti. Ikiwa ni manganisi, galaksiti. Ikiwa ni zinki, ndiyo gahniti. Magnetiti na kromiti nazo ni wa ukoo huohuo, ingawa mahali pa alumini wameweka chuma au kromi. Ndugu hawa huchanganyika kwa urahisi, hivyo gahniti safi ni nadra; punje nyingi ni mchanganyiko wa zinki, chuma na magnesiamu kwa viwango tofauti, na jambo hilo litatuhusu sana mbele.

Kwa nini zinki iipende nyumba hii? Muundo wa spineli ulitambuliwa kwa miale ya eksirei mwaka 1915, na W. H. Bragg na, bila ya wao kushirikiana, Shoji Nishikawa. Oksijeni zimepangwa kama mipira iliyorundikwa kwa kubanana, na katikati yake kuna nafasi za aina mbili: zilizozungukwa na oksijeni nne na zilizozungukwa na oksijeni sita. Alumini hukaa kwenye zile za sita. Zile za nne ni finyu, na metali nyingi huingia kwa kujikunja. Zinki haijikunji. Kwa namna elektroni zake zilivyojipanga, kuzungukwa na majirani wanne ndiyo hali inayoipenda kuliko zote. Hata katika sfaleriti, madini yake makuu yenye salfa, zinki imezungukwa na salfa nne. Ndiyo maana mwamba ukitengeneza spineli hata kidogo, zinki iliyotapakaa kwenye madini mengine hukimbilia humo. Madini mengine yenye chumba cha aina hiyo ni stauroliti, madini ya chuma, alumini na silika, na tutaona kwamba hilo si jambo la bahati.

Historia ya jina nayo inafundisha. Madini haya yalitambuliwa Falun, Sweden, mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1807 yalipewa jina la Johan Gottlieb Gahn, mkemia wa Sweden ambaye mwaka 1774 alikuwa wa kwanza kuitenga metali ya manganisi. Lakini kabla ya hapo Anders Gustaf Ekeberg, aliyegundua tantali, alikuwa ameyaita automoliti, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya askari aliyetoroka kikosi chake. Alishangaa kuikuta zinki ndani ya jiwe lisilofanana kabisa na mbale za zinki zilizojulikana. Mimi ningelibakiza jina la Ekeberg. Limebeba kemia yote ya jambo hili, na lingetuepusha na shangwe tusizozihitaji, maana hakuna jemadari anayehesabu watoro kuwa ni nguvu ya jeshi lake.

Sasa tuifuate zinki kutoka mwanzo. Ukoko wa dunia kwa wastani una gramu 70 hivi za zinki kwa tani moja ya mwamba. Udongo mfinyanzi ulioganda kuwa mwamba una zaidi kidogo. Mwamba kama huo ukizikwa na kuanza kupashwa joto, zinki yake hukaa imetawanyika, kwanza ndani ya kloriti, kisha ndani ya ulanga mweusi, ikichukua nafasi za chuma na magnesiamu bila kelele. Joto likifika kiwango ambacho stauroliti inaota, zinki huhamia huko. Joto likipanda tena, stauroliti yenyewe haiwezi kudumu: ikiwa pamoja na kwatsi hugawanyika kuwa madini mengine mawili, garneti na silimaniti, huku maji yakitoka. Garneti haiitaki zinki, silimaniti haina nafasi yake, kwatsi ndiyo kabisa. Zinki iliyokuwa ndani ya stauroliti imefukuzwa nyumbani, na mahali pekee panapoipokea ni spineli. Hivyo hutokea vijipunje vya gahniti yenye chuma ndani, vikiwa vimejipanga pale ambapo stauroliti ilikuwa. Zinki ya kutosha inaweza pia kuirefushia stauroliti maisha, ikaishi kwenye joto ambalo ingekwisha kufa, lakini mwisho ni uleule. Mbale haihusiki popote katika njia hii. Udongo wenye zinki kuzidi kawaida kwa kiasi kidogo tu unatosha.

Njia ya pili ndiyo inayowavutia watafutaji. Hapa zinki haikutawanyika. Ilikuwa imekusanyika kama sfaleriti, ndani ya lundo la salfaidi, yaani madini ya metali na salfa, lililowekwa na maji ya moto kwenye sakafu ya bahari ya kale. Milima ikijikunja juu yake, lundo hilo huzama, hupashwa moto na kubanwa pamoja na miamba iliyolizunguka. Ikiwa pembeni ya sfaleriti kuna silimaniti au madini mengine yenye alumini na silika, na ikiwa oksijeni iliyopo inatosha kuishinda nguvu salfa, zinki huachana na salfa. Alumini na oksijeni huichukua ikawa gahniti, silika iliyobaki bila mwenza hujitenga kama kwatsi, na salfa huondoka na majimaji au huungana na metali nyingine jirani. Wanajiolojia huliita tukio hili uondoaji wa salfa. Mwaka 1986 Paul Spry na Steven Scott walichora mipaka ya mmenyuko huu kwa makini, wakionyesha kwamba spineli zenye zinki zinaweza kutumika kuongoza utafutaji wa lundo za salfaidi zilizogeuzwa, na shauku ya leo kwa sehemu kubwa ni mjukuu wa kazi ya aina hiyo.

Lakini kuna namna nyingine ya tukio hilohilo ambayo husahaulika, nami naiona ndiyo yenye somo zaidi. Tuseme sfaleriti imekaa jirani na garneti ya chuma, na salfa badala ya kupungua inaongezeka, kwa mfano kwa sababu pairiti, salfaidi ya chuma iliyo karibu, inavunjika kwa joto na kuachia salfa yake. Salfa hiyo inaiendea garneti na kukivuta chuma chake, inatengeneza pirotiti, salfaidi nyingine ya chuma. Garneti iliyonyang'anywa chuma inabaki na alumini, silika na oksijeni zisizo na kazi. Zinki inaachia salfa iliyokuwa nayo, inaichukua alumini na oksijeni, inakuwa gahniti. Silika inakuwa kwatsi. Matokeo ni punje ileile ya kijani. Katika tukio la kwanza oksijeni iliishinda salfa. Katika hili la pili salfa iliingia kwa wingi, ila ilikichagua chuma ikaiacha zinki. Hali mbili zinazokaribia kupingana zimezaa madini yaleyale. Utazitofautisha vipi? Kwa majirani tu: kama kando ya gahniti kuna kwatsi na pirotiti zilizoila garneti, hadithi ni moja, kama kuna kwatsi na mabaki ya silimaniti bila pirotiti, hadithi ni nyingine. Mwamba wenyewe ndio faili la kesi. Punje iliyookotwa mtoni imeliacha faili hilo kilomita kadhaa nyuma.

Zipo njia nyingine ambazo nitazipitia kwa haraka. Pegmatiti, ile miamba ya fuwele kubwa inayoganda mwishoni mwa itale, huwa na gahniti bila kuhitaji salfaidi yoyote. Marumaru zenye uchafu wa zinki nazo huwa nayo, mara nyingi ikiwa imechanganyika na magnesiamu. Franklin na Sterling Hill, New Jersey, ni kisa cha peke yake: huko zinki, chuma na manganisi viligeuzwa pamoja ndani ya marumaru kukiwa na salfa kidogo mno tangu mwanzo, na mbale yenyewe ikawa ya oksidi na silikati. Huko spineli nyingine ya zinki, frankliniti, ilichimbwa kama mbale hasa, hadi mgodi wa Franklin ulipofungwa mwaka 1954 na wa Sterling Hill mwaka 1986. Nalitaja hili kwa haki, kwa sababu atakayesema spineli ya zinki haijawahi kumlipa mtu atakuwa amekosea. Lakini frankliniti ina chuma mahali pa alumini, na tabia yake ndani ya tanuri si ya gahniti.

Turudi kwenye mabishano. Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika sana, ni ile isemayo kwamba gahniti ni suala la joto tu: chukua mwamba wenye zinki, upike vya kutosha, gahniti itatoka, kwa hiyo palipo na gahniti nyingi palikuwa na zinki nyingi na joto kali. Nusu zote mbili za hoja hii zina kasoro. Joto ni sharti la kawaida, kwa kuwa gahniti nyingi za miamba geuzi ziliota penye nyuzi za Selsiasi 500 au zaidi, lakini halitoshi. Sfaleriti ni imara mno ikiwa salfa imejaa kuizunguka. Lundo nene la salfaidi linaweza kupikwa hadi karibu na kuyeyuka na katikati yake pasionekane hata punje moja ya gahniti, kwa sababu mbili: pairiti na pirotiti zinaitunza salfa isishuke, na alumini haipo. Gahniti inatokea pembezoni, kwenye ngozi ya lundo, pale ambapo salfaidi ni chache na madini ya alumini ni mengi. Kwa maneno mengine, wingi wa gahniti unaweza kumaanisha kwamba umeikosa katikati ya lundo, au kwamba salfaidi zilikuwa haba kiasi cha kutoweza kujilinda.

Nusu ya pili, ile ya joto kali, ina mtego uliowanasa wengi, mimi nikiwemo. Spineli ya magnesiamu au ya chuma na kwatsi hazikai pamoja kwa amani kwenye joto la kawaida la miamba geuzi; zikigusana humenyuka na kuzaa kordieriti, garneti au silimaniti. Ndiyo maana zikionekana zimegusana bila kudhuriana, mjiolojia hufikiria joto la kupindukia, nyuzi 900 na zaidi. Nikiwa bado najifunza niliwahi kukaa mbele ya hadubini na kipande chembamba cha gnaisi, mwamba geuzi wenye mistari, chenye punje za kijani zilizolala ubavu kwa ubavu na kwatsi, zikizima na kuwa giza tupu kila nilipoweka kichujio cha pili cha nuru, kama spineli inavyotakiwa kufanya. Nikaandika kwa kujiamini: joto la kupindukia. Mashine ya miale ya elektroni ilipozipima, zaidi ya asilimia 30 ya uzito wa punje hizo ilikuwa oksidi ya zinki, na sentensi yangu ikafutwa kwa kalamu nyekundu. Zinki huitanua sana himaya ya spineli na kwatsi, ikashuka hadi kwenye joto ambalo stauroliti na silimaniti ni za kawaida. Rangi ya kijani chini ya hadubini haisemi ni ndugu yupi wa ukoo umemwona. Kromi, titani na chuma chenye oksijeni zaidi hufanya utani wa namna hiyohiyo, ingawa zinki ndiyo bingwa wao. Hivyo spineli isiyopimwa kikemia haiwezi kuwa kipimajoto, na ramani za joto zilizochorwa kwa kuitazama tu zinastahili kurudiwa.

Hoja ya wanaoitetea gahniti kama dalili ina nguvu zaidi, na sitaki kuidharau. Sfaleriti ikifika juu ya ardhi hufa haraka. Mvua na hewa huivunja, zinki huyeyuka na kwenda na maji. Gahniti haivunjiki hivyo. Ugumu wake ni kati ya 7.5 na 8 kwenye kipimo cha Mohs, uzito wake ni zaidi ya mara nne ya maji, na asidi za udongo hazina habari nayo. Inaweza kubebwa na mto, au kusukumwa na barafu ya kale na kuachwa kwenye vifusi vyake, ikabaki yenyewe wakati ushahidi mwingine wote umekwisha. Kwa nchi ambazo mwamba umefunikwa na vifusi hivyo kwa mita nyingi, dalili inayoweza kusafiri namna hii ni neema. Tena si kila gahniti ni sawa. Zile za pegmatiti huwa na zinki nyingi, chuma kiasi na magnesiamu kidogo mno. Zile za marumaru huegemea magnesiamu. Zile za lundo za salfaidi zilizogeuzwa hukaa katikati. Ukiongeza vipimo vya metali chache zilizojificha ndani yake, kama galiamu inayokaa mahali pa alumini, au kobalti, unaweza kuzigawa makundi kwa ubora zaidi, na kompyuta sasa zinafanya mgawanyo huo kwa maelfu ya punje. Dalili ya mvua ni mawingu, watasema, na mawingu haya tumejifunza kuyatambua moja moja.

Naikubali hoja hiyo hadi kwenye neno "kutambua". Muundo wa punje unatuambia ilizaliwa katika mazingira ya aina gani. Hautuambii ukubwa wa lundo, wala kama sfaleriti ilibaki. Broken Hill, New South Wales, ndiko kunakotajwa kila mara. Lundo la risasi, zinki na fedha lililogunduliwa huko mwaka 1883 lilikuwa na zaidi ya tani milioni 200 za mbale, miamba yake iligeuzwa kwa joto kali sana yapata miaka bilioni 1.6 iliyopita, na gahniti imo tele, hata kuna miamba inayokaribia kuwa kwatsi na gahniti tupu. Lakini miamba hiyohiyo ya kwatsi na gahniti inaonekana pia sehemu nyingine nyingi za ukanda huo, mbali na mgodi, ambako mbale ya kuchimbika haipo. Anayetembea huko akiwa na imani ya "palipo na gahniti pana mgodi" atachoka miguu. Na kuna upande wa pili wa sarafu usiozungumzwa: Red Dog huko Alaska na McArthur River kaskazini mwa Australia ni miongoni mwa lundo kubwa za zinki duniani, na watafuta gahniti wangezipita bila kugeuka, kwa sababu miamba yake haikupikwa kiasi cha kuizaa. Dalili isiyoonekana kwenye baadhi ya migodi mikubwa na inayoonekana pasipo na mgodi bado ni dalili, ila isibebeshwe mzigo wa uthibitisho.

Wapo pia waliochoka kabisa, wanaosema gahniti haina maana kwa utafutaji kwa kuwa pegmatiti tasa zinaitoa kila siku. Hawa nao wamepita kiasi. Wanaisahau thamani ya punje kama kumbukumbu ya salfa na oksijeni, jambo ambalo madini machache sana ya miamba geuzi hulitunza. Ukiwa na mwamba wenyewe mkononi, na gahniti, garneti, pirotiti na sfaleriti zimo pamoja, unaweza kukokotoa nguvu ya salfa na ya oksijeni wakati wa mgeuko, na kujua kama majimaji yaliyopita yalikuwa yanaongeza salfa au yanaiondoa. Pia punje hizi hukua kwa tabaka. Mwamba unapopoa na spineli ikaanza kuliwa na menyuko mengine, chuma na magnesiamu huondoka kwanza. Zinki hung'ang'ania, na kinachobaki kinakuwa na zinki zaidi kuliko punje ya mwanzo. Kwa hiyo ukingo wenye zinki nyingi hauna maana kwamba zinki iliingia kutoka nje. Unaweza kuwa ni kilichosalia tu, kama chumvi inayobaki sufuriani maji yakikauka. Nimesoma tafsiri zinazoona wimbi la zinki kila ukingo unapong'aa, na mara nyingi hesabu ya kupungua kwa punje ingetosha kulieleza.

Yote haya yanafika mahali pamoja pa vitendo, nako ni maabara. Gahniti safi ina zinki asilimia 36 hivi kwa uzito. Sfaleriti isiyo na chuma ina asilimia 67. Zinki ya sfaleriti hutolewa kwa kusaga mbale, kuielesha kwa povu na kutengeneza makinikia, ambayo viwanda vya kuyeyusha vinajua namna ya kuyashughulikia. Gahniti haikamatwi na povu lililoandaliwa kwa salfaidi, hivyo huenda na mabaki bwawani. Na hata ikijipenyeza, haifunguki kwa asidi. Hapo ndipo takwimu zinapoanza kusema lugha mbili. Sampuli ikiyeyushwa kwa asidi za kawaida, gahniti hubaki chini kama mchanga na zinki yake haihesabiwi, au huhesabiwa nusunusu. Sampuli hiyohiyo ikiyeyushwa kwa moto pamoja na chumvi maalumu hadi iwe kioo, kila kitu huhesabiwa, pamoja na zinki ambayo hakuna kiwanda kitakachoitoa. Tuseme mwamba una asilimia 3 ya zinki na theluthi yake imo ndani ya gahniti. Maabara ya kwanza itaandika karibu 2, ya pili itaandika 3, zote zitakuwa zimefanya kazi yake kwa uaminifu, na mwenye hisa hataambiwa ni njia ipi iliyotumika. Katika lundo zilizogeuzwa sana, pembezoni ambako gahniti imeshamiri, tofauti hiyo inaweza kuamua kama eneo limo ndani ya mgodi au nje.

Kwa hiyo taarifa inayotangaza gahniti ingepaswa kueleza mambo ambayo sasa hayamo. Imetoka kwenye mwamba au kwenye mchanga? Kama ni mwamba, imegusana na nini: sfaleriti, garneti iliyoliwa, silimaniti, au feldispa na ulanga mweupe wa pegmatiti? Kama ni mchanga, je, punje zilikatwa kutazamwa ndani? Gahniti inapokua huweza kumeza punje ndogo za jirani zake, na sfaleriti au pirotiti iliyofungiwa humo haiguswi na mvua wala mto. Hicho ni kipande cha faili la kesi kilichosafiri na shahidi, na kwangu mimi kina uzito kuliko chati yoyote ya makundi ya kikemia. Je, punje zilipimwa katikati na ukingoni, au sehemu moja tu? Na ile asilimia ya zinki iliyoandikwa kwa herufi nene juu ya ukurasa ilipatikana kwa asidi au kwa moto? Hili la mwisho mtu wa maabara hulijibu kwa neno moja, na cheti chake tayari kina msimbo wa njia iliyotumika. Kinachokosekana ni mtu wa kuunakili kwenye taarifa.